Kuku wa Konservatere

Kwetu Nyamianda, mtaa wa Uvira, konservatere ni mtu mmoja tu: yule bwana wa ofisi ya ardhi anayetia sahihi kwenye hati za viwanja. Akiandika jina lako, kiwanja ni chako. Akiandika jina la mwingine, unaweza kulala kwako na kuamka kwa watu bila hata kuhama kitanda. Ndiyo maana watu wakimtaja hushusha sauti, kama wanavyoshusha wakitaja ugonjwa ulio katika ukoo wa jirani.

Basi ile jioni radio iliposema kwamba mbunge wetu amesimama bungeni kule Kinshasa na kutamka, kwa Kifaransa chake kilichopigwa pasi, «Mimi ni konservatere na sioni haya», Koko aliacha kuchambua ndagala, wale dagaa wa ziwa letu.

Koko ni bibi yangu, mama ya mama yangu. Tunaishi wawili, kwa sababu mama karibu juma lote yuko Sange, anawauzia wakulima wa mpunga samaki wakavu. Kazi yangu ya jioni ni kumtafsiria Koko radio. Niko mwaka wa tano wa sekondari, sekta ya biashara, kwa hiyo mimi ndiye mtaalamu wa uchumi wa nyumba nzima, nyumba yenye watu wawili na kuku. Natafsiri vizuri. Nisipoelewa naweka kitu kinachofanana. Siku moja waziri alizungumza muda mrefu juu ya akiba ya fedha za kigeni, nikamwambia Koko kwamba waziri anasema amechoka. Koko alimwonea huruma hadi akamwombea kabla ya kulala.

Lakini neno konservatere halikuhitaji mtafsiri.

«Amesema yeye njo konservatere?» akauliza.

«Njo vile amesema, Koko.»

«Depite na konservatere, vyote viwili?» Koko humwita mbunge depite.

«Inaonekana.»

«Basi ile kazi ya pili njo iko na kisu,» akasema, akaongeza sauti ya radio.

Mbunge huyo ni wa upinzani, na upinzani wake si wa mchezo. Serikali ikisema mvua imenyesha, yeye anataka kwanza aone matope. Jioni ile walikuwa wanajadili bajeti. Alisema serikali ina mdomo mkubwa kuliko tumbo la nchi: mawaziri wengi, magari mengi, washauri wa washauri. Koko akaitikia kwa kichwa. Mbunge akasema vizuizi vya njiani vimezidi, mama mmoja anatoka Uvira na beseni moja la ndagala, na kila kamba iliyovutwa barabarani inamega kitu, hata akifika Sange anauza beseni tupu. Koko akasema, «Apo ameongea,» maana beseni hilo lingeweza kuwa la binti yake.

Mbunge akaendelea. Vya bure vinaoza, alisema, na shule ya msingi ya bure imejaza watoto darasani kama mihogo katika gunia. Hapo hata mimi nilitaka kukubali, kwa sababu mdogo wa rafiki yangu anasomea dirishani, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Lakini nikajiuliza watoto wake mwenyewe wanakaa benchi gani. Halafu akasema ushuru upunguzwe ili mfanyabiashara apumue. Kabla sijamaliza kutafsiri hilo, akasema mchele wa ng'ambo upandishiwe ushuru ili mchele wa bonde la Ruzizi upate wanunuzi. Nikamwambia Koko: ushuru ushuke, na ushuru upande.

«Kwa wakati moja?»

«Kama mizani ya soko, Koko.»

Koko hajawahi kuamini mizani ya soko.

Mwishoni akafika kwenye ardhi. Alisema ardhi isiyo na hati ni mali iliyokufa. Kila kipande kiwe na mwenyewe, kila mwenyewe awe na hati, na asiyeweza kukizalisha kipande chake amwachie anayeweza. Hili sikulipunguza wala kuliongeza. Nililitafsiri lote, na Koko akanyoosha mkono akazima radio. Koko hazimi radio. Huwa analala nayo ikiongea mpaka betri ichoke yenyewe.

Ni lazima niseme juu ya kiwanja chetu. Zamani tulikuwa na nyumba nyingine chini, karibu na maji. Ziwa lilipopanda liliingia kwa mlango wa mbele na halikutoka, na siku hizi mahali palipokuwa na jiko letu watoto wanatega samaki. Tuliyobaki nayo ni hii ya juu, upande wa barabara, ambayo babu alipewa na mwami, chifu wetu wa jadi, kabla mtaa haujawa mtaa. Alitoa mbuzi na mtungi wa kasiksi, pombe ya ndizi, na mambo yakaisha. Zawadi hiyo inaitwa itulo. Mwami akishapokea itulo yako, amekwisha kusema mbele ya watu kwamba ukae, na ukikaa hakuna wa kukutoa. Karatasi haikuandikwa. Mpaka wetu ni ua wa miyenzi, ule mmea unaotoa maziwa meupe yanayochoma macho. Babu aliupanda kwa mkono wake. Kwa konservatere, lakini, miyenzi si hati. Na mimi nilijua kabisa kwamba Koko akitolewa pale hana pengine pa kwenda, labda akatege samaki jikoni kwake.

Kesho yake asubuhi akaja komisionere.

Komisionere ni mtu wa kuuzisha viwanja na nyumba za wengine. Wetu anakaa mtaa wa pili, ana viatu vya pua ndefu na miwani myeusi ambayo haitoi hata akiingia ndani, hivyo huwa anasalimia mtungi kabla ya kumsalimia mtu. Alikaa bila kukaribishwa, akamuuliza Koko kama alisikia radio. Koko akasema alisikia kidogo. Akamwambia kwamba yeye na mheshimiwa ni chanda na pete, kwamba mheshimiwa ndiye amepewa sasa mambo ya hati zote za Uvira, na kwamba amemtuma yeye atangulie kupima viwanja vya watu wasio na karatasi. Alikuwa na huruma nyingi. Alisema kwa Koko atafanya jambo la pekee: Koko aachie nusu ya juu, ile inayotazama barabara, naye atamtolea hati ya nusu ya chini kwa sahihi ya mheshimiwa mwenyewe.

«Na nikikataa?» Koko akauliza.

«Koko, minye sisemi kitu. Lakini wale batu ba kwanza kukataa, njo ba kwanza kutembelewa.»

Koko alimwambia atafikiri. Komisionere akatoka, na alipokuwa anatoka akamwita kijana wake mwenye panga, wakakata miyenzi upande wa barabara ili utepe wa kupimia upite. Walipima wakati Koko bado anafikiri. Mimi nilibaki natazama lile pengo, nikawaza: mtu mwenye haki ya kupita mlangoni anakata ua ya nini?

Shuleni nilimuuliza mwalimu wa uchumi. Nilimuuliza kwa adabu, kitu ambacho kilimtia shaka tangu mwanzo. Akasema konservatere wa siasa na konservatere wa hati ni watu wawili tofauti wanaogawana neno. Wa siasa ni mtu anayetaka mambo yaende polepole, anayependa desturi za zamani, mali ya mtu binafsi na serikali ndogo. Hana mhuri wala faili.

Nikauliza kama basi ni sawa na tomati ya kopo, maana kwenye kopo nalo wanaandika neno la namna hiyo, kwa ajili ya dawa ya kuzuia kuoza. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akanitoa nje nikasimame uani, nami nikasimama kwa raha, kwa sababu jibu nilikuwa nimeshalipata.

Nilimfikishia Koko nikiwa na furaha ya mtu anayeleta dawa. Nikamweleza yote: mheshimiwa hana kazi na hati, komisionere anamdanganya, neno ni moja lakini watu ni wawili. Koko alinisikiliza akiwa anapeta mchele.

«Mwalimu wako iko na parsele?» akauliza.

«Anapanga, Koko. Chumba na sebule.»

«Unaona.»

Sikuona kitu, lakini kwa Koko hiyo ilikuwa hoja na ilikuwa imekwisha. Mtu asiye na kiwanja atajuaje konservatere? Nikajaribu tena. Nikasema mwalimu amesoma chuo kikuu. Akasema hata komisionere anasema amesoma. Na kadiri nilivyomtetea mwalimu ndivyo mimi mwenyewe nilivyoanza kumshuku. Kweli, neno moja litawezaje kuwa na watu wawili na hakuna hata mmoja anayelalamika? Na kwa nini mtu asiyehusika na hati amalizie hotuba yake kwa hati? Usiku ule kila mbwa aliyebweka niliona anabwekea utepe wa kupimia.

Kitu kimoja tu Koko alikiuliza mara ya pili. «Mwalimu amesema ule mutu anapenda desturi ya zamani?»

«Njo vile amesema. Konservatere wa siasa anapenda ya zamani.»

Akaacha ungo, akawaangalia kuku wake mmoja mmoja kama mtu anayechagua mchezaji.

Bunge likaenda likizo na mheshimiwa akaja kuwaona wapiga kura wake. Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule yetu, viti vya plastiki mbele, turubai juu ya wakubwa na jua juu yetu wengine. Huyu anayepinga magari mengi ya serikali alifika na msafara ambao vumbi lake lilikaa kuliko hotuba. Sote tulitegemea tumbo. Hakuwa nalo. Alikuwa mwembamba kama fimbo ya mwalimu, na hilo likanitisha zaidi: mtu mwenye tumbo, angalau unajua chakula kimekwenda wapi.

Alituambia yale yale ya radio, safari hii kwa Kiswahili cha kuokoteza kilichochanganyika na Lingala. Serikali ijifunge mkanda. Mutu asingoje kila kitu toka juu. Vizuizi viondolewe, mchele wa Sange ulindwe. Watu walipiga makofi kwa vizuizi na kwa mchele. Juu ya kujifunga mkanda walimpigia makofi ya adabu tu, kwa sababu wengi wetu tundu la mwisho tulishalipita siku nyingi. Nilimsubiri afike kwenye ardhi. Hakufika. Ile sentensi ya asiyeweza amwachie anayeweza ilikuwa imebaki Kinshasa, na mimi nikaandika moyoni kwamba sentensi inayoogopa kupanda ndege si sentensi nzuri.

Komisionere alikuwa mbele kabisa, miwani usoni, anacheka kila mheshimiwa akicheka. Lakini nilimtazama vizuri alipokuwa anaingia. Mlinzi alimuuliza jina, akalisema, mlinzi akamuuliza tena. Chanda na pete hawaulizani majina.

Ulipofika wakati wa maswali, Koko akasimama. Alikuwa amevaa kikwembe chake cha ibada, na chini ya mkono kulikuwa na kitu kinachotikisika. Nilipomwona yule jogoo mwekundu, yule ambaye hata mimi mjukuu nimekatazwa kumfukuza, nilitaka ardhi inimeze, iwe na hati au isiwe nayo. Koko alipita katikati ya viti mpaka mbele, akapiga magoti, akamtoa jogoo kwa mikono miwili.

«Onorable,» akasema, na sauti yake ikafika mpaka kwetu wa juani, «minye ni mujane wa hapa Nyamianda. Bwana yangu alipewa pa kukaa na mwami, na ua yetu ya miyenzi batu bote banaijua. Nimesikia mu radio weye njo konservatere. Siwezi kukaa mikono mitupu mbele yako. Pokea.»

Simu zilikuwa zimeinuliwa kila upande. Mheshimiwa aliziona. Akatabasamu tabasamu la kalenda, akainuka kitini, akampokea jogoo kwa mikono miwili.

«Mama, merci mingi. Minye napenda sana desturi yetu,» akasema.

Wazee wakaanza kupiga makofi ya viganja vilivyokunjwa, yale mazito yanayopigwa mbele ya mwami. Wanawake wakapiga vigelegele. Mheshimiwa alidhani ni uchumi wake umeeleweka hatimaye, akamwinua jogoo juu kama kombe. Nilimuuliza mama mmoja wa kwaya aliyekaa karibu nami kuna nini. Akanitazama kama mtu aliyelipiwa shule bure.

«Amepokea itulo,» akasema. «Sasa atamutosha ule koko, amuondoe pa kwake namna gani?»

Ndipo mwalimu wangu wa uchumi akaharibu. Mwalimu hawezi kuona kosa limesimama bila kulipigia mstari. Aliomba neno, akamsihi mheshimiwa awaelezee wananchi kwamba yeye si konservatere wa hati za ardhi, ni konservatere wa mawazo, kwa kuwa kuna watu, na hapo akageuka kunitafuta kwa macho, wanaofanya mzaha na maneno ya elimu. Mheshimiwa akacheka mpaka jogoo akacheka naye. Akasema hapana, hapana, yeye hana ofisi ya ardhi, hana hata mhuri, na mambo ya viwanja vya Uvira hayajui kabisa.

Nikaona mabega ya komisionere yanashuka, yametulia. Mimi nikapiga hesabu. Jogoo bora wa nyumba ametolewa kwa mtu ambaye hana la kutupa. Ni sawa na kumtolea mahari mlinzi wa mlango.

Koko, lakini, alikuwa bado yupo kwenye magoti.

«Kama si weye,» akasema taratibu, «nani alimutuma huyu?» Na akanyoosha kidole. «Anasema weye ulimutuma apime kwangu. Amekwisha kukata ua.»

Simu zote zikageuka kumtazama komisionere, halafu zikarudi kwa mheshimiwa, zikamngoja. Mheshimiwa alikuwa na jogoo mikononi, tabasamu likiwa limebaki peke yake usoni. Nilimtazama machoni. Nilitaka kujua kama anasema kweli au anahesabu kura, na mpaka leo sijui.

«Huyu? Simujue huyu muntu,» akasema. «Sikumutuma. Mama abaki pa kwake. Muntu asimuguse.»

Yale makofi mazito yakarudi. Komisionere akatoa miwani yake kwa mara ya kwanza tangu nimjue, na macho yake yalikuwa madogo na ya kawaida kabisa, macho ya mtu anayetafuta upenyo kati ya viti.

Jogoo aliondoka na msafara, amefungwa miguu nyuma ya gari la mwisho. Wengine wanasema alifika mpaka kwenye ndege. Mimi nadhani hakuvuka hata jioni ile, maana walinzi walikuwa na sura za watu wenye njaa.

Mama alipopigiwa simu Sange hakufurahi kama sisi. Alisema kuku si hati, na maneno ya mbunge ni kama mvuke wa sufuria, yanakuwepo wakati moto upo. Alisema kweli. Ile sheria aliyoitaka mheshimiwa bungeni hajaifuta kwa sababu ya jogoo, na ofisi ya ardhi iko palepale, na konservatere wa kweli, yule wa mhuri, hakuwepo uwanjani wala hakupokea kitu. Lakini komisionere siku hizi akienda sokoni anazunguka kwa barabara ya chini, na kijana wake mwenye panga ananiamkia.

Asubuhi iliyofuata mkutano ule Koko alikata matawi ya miyenzi upande wa nyuma, ambako ua ni mnene, akayachomeka katika lile pengo la barabarani. Yanashika haraka, hayahitaji hata maji. Mimi nilikuwa nampa tawi baada ya tawi, na ananikumbusha nisijiguse macho.

«Koko,» nikamuuliza, «ulijua kama hana kazi ya hati?»

«Minye?» Akakandamiza udongo kwa kisigino. «Kifaransa nitakijulia wapi? Weye njo unatafsiri.»

«Minye nilikuambia ni watu wawili.»

«Uliniambia na waziri amechoka.»

Hakuinua uso, kwa hiyo sikuona kama anacheka. Nilibaki na tawi mkononi, maziwa yanadondoka. Habari ya waziri ilikuwa ya siku nyingi, na hakuwahi kuirudia mpaka siku hiyo.

Likizo ilipoisha, radio ilimleta tena mheshimiwa sebuleni kwetu. Alikuwa amepata nguvu mpya. Alizungumza juu ya ruzuku, juu ya watu wanaozoea kupewa, juu ya taifa linalodhoofika kwa kupokea bila kutoa. Hakuna kitu cha bure duniani, alisema. Kila unachopokea kina bei yake.

Nilikuwa bado sijafungua mdomo kutafsiri.

«Njo vile,» Koko akasema, akiendelea na ndagala wake. «Amekula kuku.»

Nikamtazama. Akaniuliza mbona nimenyamaza, anasubiri tafsiri. Tangu jioni hiyo namtafsiria neno kwa neno, hata yale ya fedha za kigeni.